Zimwi Lililonusa Jino la Mejumaa

Paukwa!

Pakawa!

Kinywa?

Nyumba.

Na mlango wake?

Meno.

Mlango ukioza?

Aingia asiyealikwa.

Basi hapo kale palikuwa na ndugu wawili, tumbo moja, ziwa moja. Mkubwa mwanamume, jina lake Mbaruku. Mdogo mwanamke, jina lake Mwatime. Mwatime alikuwa mjane, na mtoto wake mmoja tu, msichana, Mejumaa. Hana wa pili.

Kwenye ua wa marehemu baba yao, alikobaki Mbaruku, palikuwa na mti wa mswaki. Bibi yao wa zamani aliupanda kwa ajili ya Zimwi lililokaa pangoni, juu ya kilima.

Zimwi lile halikuwa na macho, lilikuwa na pua. Lilinusa jino lililooza kama nzi anavyonusa kidonda. Mwenye kinywa safi alipita mbele yake lisimjue. Na liliyemkamata, ukimtia mdomoni kijiti kibichi cha mti ule kabla halijafika pangoni, lilipoteza harufu, likamtupa chini.

Basi watu wa mji ule walipiga mswaki asubuhi, wakapiga mswaki jioni, na Zimwi likashinda na njaa.

Siku moja ikasomwa arobaini ya baba yao. Mbuzi akachinjwa. Mwatime akasema mbele ya wageni kwamba ini la mbuzi halikufika siniani, na kwamba kaka yake tangu utotoni ana mkono mrefu jikoni. Watu wakacheka. Mbaruku hakucheka. Kesho yake akauzungushia ule mti ua wa miiba.

"Mwenye mdomo mrefu akauoshee kwake," alisema, kwa sauti ya kufika kwa jirani.

Mwatime naye akaapa hataingia ua ule mpaka kaka yake amletee mswaki mwenyewe, mlangoni, kwa mikono miwili.

Sasa nyinyi mtaniuliza, si angekata mwarobaini? Mwarobaini ulikuwepo, nyuma ya choo chake. Si angemsukutuisha mtoto maji ya chumvi? Chumvi ilikuwepo. Lakini angeonekana na kijiti cha mwarobaini mdomoni, watu wangejua amenyimwa kwa baba yake. Basi alipoulizwa alisema miswaki kwake imejaa tele. Imejaa wapi? Hata kipande.

Mejumaa alibaki na kijiti kimoja cha zamani, kimechakaa kama ufagio wa jalalani. Siku moja akasugua, akatema, akaona damu. Akamwonyesha mama yake. Mama akamwambia aache kusugua, fizi zimechoka, zipumzike.

Mtoto akaacha. Uchafu ukakaa. Fizi zikavimba, zikawa nyekundu kama tumbo la kupe. Jino la nyuma likaingia doa jeusi, doa likawa shimo. Akinywa maji ya mtungini analia. Akinywa uji wa moto analia. Na akilia, mama yake anampa kipande cha sukari guru anyamaze. Ananyamaza kweli, kidogo. Kisha analia zaidi.

Siku moja mtoto akaenda kwa mjomba wake. Akaamkia, shikamoo mjomba, akaomba kijiti kimoja tu.

"Umetumwa na mama yako?"

"Sikutumwa, mjomba."

"Ukitumwa, njoo."

Akarudi. Jioni ile Zimwi likatoka pangoni, likasimama kilimani, likaimba:

Nanusa, nanusa,
jino bovu nanusa,
la nani hilo, la nani?

Harufu ilikuwa bado changa. Zimwi likapotea njia, likarudi.

Siku ya pili Mejumaa akaenda tena. Sasa anazungumza kwa kuziba mdomo na ncha ya kanga, maana watoto wenzake walikuwa wakimwambia kinywa chake kina panya. Akaomba kijiti kimoja tu.

"Umetumwa na mama yako?"

"Sikutumwa, mjomba."

"Ukitumwa, njoo."

Mke wa Mbaruku alikuwa anachambua mchele. Akamwambia mumewe amtazame mtoto kinywani, walau amtazame. Mbaruku akamjibu achambue mchele.

Jioni ile Zimwi likateremka mpaka penye mashamba, likaimba:

Nanusa, nanusa,
jino bovu nanusa,
la nani hilo, la nani?

Mji mzima ukasikia. Mwatime akasikia, akafunga mlango. Mbaruku akasikia, akakaza miiba ya ua.

Siku ya tatu shavu la Mejumaa lilikuwa limevimba kama yai la bata, na usaha unamtoka penye jino. Hali, halali. Mama yake akamfunga kitambaa taya na kichwa. Mtoto akamwambia, "Mama, nitume kwa mjomba. Sema tu umenituma."

Neno moja tu hilo, wajukuu zangu.

Mwatime akakaa akichochea moto. Akachochea mpaka maji ya chungu yakakauka. Kisha akasema, "Nenda. Lakini usiseme nimekutuma."

Mtoto akaenda, kitambaa kichwani, anajikokota.

"Umetumwa na mama yako?"

Mejumaa alikuwa mtoto wa adabu. Hakusema uongo kwa mjomba wake, wala hakuvunja neno la mama yake. Alisimama tu pale nje ya miiba, machozi yanamtoka.

"Ukitumwa," alisema Mbaruku, "njoo."

Hakufika nyumbani. Zimwi lilikuwa njiani, na sasa halikuuliza jino ni la nani. Likamtia kwapani, likashika njia ya kilima.

Mbaruku akasikia kilio. Hapo ndipo akakumbuka kwamba ni mjomba. Akaing'oa ile miiba kwa mikono mitupu, akakata miswaki, si kijiti kimoja, akakata mzigo mzima, akakimbia huku damu inamtoka viganjani. Mwatime naye akasikia, akatoka mbio, kichwa wazi. Wakakutana chini ya kilima. Njia ya pale ni ya mtu mmoja mmoja.

Zimwi wanaliona, lipo nusu ya kilima. Linapanda polepole, maana lilikuwa na njaa ya miaka na magoti hayana nguvu.

Mwatime akasema, "Leo ndiyo umeileta?"

Mbaruku akasema, "Ungemtuma, ningempa. Pisha nipite, mimi ndiye mkubwa."

"Mimi ndiye mwenye mtoto. Nipe hiyo miswaki."

"Omba."

"Sema kwanza umekosa."

Wakasimama. Huyu hapishi, huyu hapishi. Likaletwa la ini la mbuzi. Likaletwa la mahari ya Mwatime, likaletwa la nani alimwuguza baba. Walipokumbuka kuinua macho, kilima kilikuwa kitupu.

Ndipo wakapanda, wote wawili, na njia ikawatosha. Walifika mlangoni mwa pango wakakuta kile kitambaa cha taya, fundo lake halijafunguliwa. Zimwi likasema kutoka ndani, "Mmechelewa. Nami nilipanda polepole."

Wakashuka. Mji ukajaa kilio. Na wale ndugu, mnadhani walilia pamoja? Mbaruku alitandika mkeka kwake apokee pole. Mwatime alitandika mkeka kwake apokee pole. Mtoto mmoja, matanga mawili, na watu waliokuja kuhani wakawa wanavuka uwanja wasijue waanze wapi.

Hadithi yangu imeishia hapo uwanjani, katikati ya mikeka miwili. Atakayeweza kuukunja mmoja na aukunje, mimi sikuweza.

Nanyi shikeni hili. Pigeni mswaki asubuhi na kabla ya kulala, na ufizi ukitoka damu msiuache, usafisheni taratibu. Kitamu kisiwe dawa ya kumnyamazisha mtoto. Jino likitoboka, mpelekeni mtoto kwa mganga wa meno shavu halijavimba. Na mkigombana, gombaneni, mimi sina wa kumkataza, lakini mtazameni mtoto kinywani kwanza.