Glasi ya Meza Namba Saba

Wapendwa, twendeni kidogo kwenye ukumbi wa shule moja ya sekondari, siku ya mashindano ya sayansi. Wanafunzi wamesimama nyuma ya meza zao, majaji wanapita.

Meza namba saba walikuwapo wasichana wawili wa kidato cha tatu, Tusekile na Lugano. Miezi minne walihangaika kutengeneza chujio la mchanga na mkaa la kusafisha maji ya mto. Wakishinda, wanakwenda ngazi ya taifa. Tena mkuu wa shule yao alishaahidi kulifunga bwenini Jumatatu, wasichana mia mbili wanywe.

Majaji wakiwa meza namba tano, Lugano akafungua daftari la matokeo.

"Tuse, tulipima mara kumi. Mbona humu mna majibu tisa?"

"La kumi nimelichana. Maabara walikuta vijidudu vya kinyesi."

"Umelichana?"

"Mara moja tu, Lugano! Tisa yote safi. Funga daftari, wanakuja."

Lugano akalitazama daftari. Aseme, kazi ya miezi minne ipotee? Wewe ungesema? Usijibu haraka.

Lugano alilifunga daftari.

Jaji aliyefika mezani kwao alikuwa mzee, mwalimu mstaafu. Alisoma bango lao, akauliza maswali magumu, Tusekile akayajibu yote bila kukwama. Mzee akafurahi sana.

"Mabinti, hii ni kazi ya watu wazima!" Akafungua koki ya chujio, akajaza glasi, akaipeleka mdomoni.

"Babu, usinywe!"

Mnadhani alikuwa Lugano? Hapana. Ni Tusekile, yuleyule aliyechana karatasi. Alimdaka mzee mkono, maji yakamwagika mezani. Ukumbi mzima ukageuka. Akaeleza yote.

Mzee aliiweka glasi chini taratibu.

"Ahsante, mjukuu wangu, umeniokoa. Lakini mimi ni mtu mmoja. Hapa kwenye bango mmeandika kuwa Jumatatu watakunywa wenzenu mia mbili. Mbona hao hukuwapigia kelele?"

Tusekile akainamisha kichwa. "Hao sikuwaona wakinywa, babu."

Walitolewa mashindanoni mchana uleule. Chujio halikufungwa bwenini.

Ndugu zangu, binti yule hakuwa na moyo wa kikatili. Alipomwona mtu na glasi mdomoni, alishindwa kuvumilia. Sasa na sisi je? Fundi unayepunja saruji, umewahi kuiona familia itakayolala chini ya ule ukuta? Mama unayeongeza maji kwenye maziwa, unakijua kitoto kitakachoyanywa? Na wewe uliyejua ukanyamaza kama Lugano, unadhani hukuhusika?

Tunadanganya na usingizi tunapata, kwa sababu tunaowaumiza wako mbali na macho yetu. Kwa Mungu hakuna aliye mbali. Yeye anawaona, mmoja mmoja, na majina yao anayajua. Kama kuna karatasi uliyoichana, usisubiri mpaka mtu asimame mbele yako. Toka hapa, ukaseme leo.