Ngozi Ishirini na Moja za Fisi

Mvua ilikataa kunyesha Nyika ya Chumvini kwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza hakuna aliyeshtuka. Wa pili wakaomba dua. Wa tatu wakaanza kuulizana nani ana jamaa ng'ambo ya mto. Siku hizo wanyama walikuwa wakisema kama watu, na kama watu, walisema zaidi ya ilivyohitajika.

Ng'ambo ya mto ilikuwa Bondeni, nchi ya Simba. Huko majani yalifika magotini na visima havikukauka. Simba aliamini kwamba mvua inanyesha kwake kwa heshima ya manyoya ya shingo yake, na hakuna aliyeona faida ya kumbishia. Kazi za Bondeni zilikuwa nyingi, ila wenyeji wake walikuwa wameshiba, na mwenye kushiba hapendi kuchota maji. Ndipo Simba akatoa sheria ya wageni.

Sheria ilikuwa na vifungu vitatu. Mgeni haingii bila mdhamini. Akiingia, unyayo wake utapigwa chapa juu ya kipande cha ngozi, na bila ngozi hiyo Mamba, mlinzi wa kivuko, hatamruhusu kuingia wala kutoka. Na mgeni akipotea, au ngozi yake ikipotea, mdhamini atafanya kazi ya mgeni huyo mpaka kilichopotea kipatikane. Kifungu hiki cha tatu Simba alikiongeza kwa sababu viwili vilionekana vichache kwa mfalme. Ngozi zenyewe zilitoka jikoni kwake. Hakuna aliyeuliza zilikuwa za nani.

Fisi, mwenyeji wa Bondeni, aliisikia sheria hiyo akaona riziki. Alivuka mpaka Chumvini, akazunguka mji mzima akimwita kila mtu binamu. Kwa Punda alikaa muda mrefu zaidi. Punda alikuwa na mtoto wa kike, Sikitu, ambaye alikuwa bado ananyonya, na matiti yalikuwa yamekauka kama kisima cha kijiji.

Fisi alimweleza kwamba kazi ni nyepesi. Atachota maji asubuhi, mchana atapumzika kivulini, na majani atakula mpaka ayakinai. Punda aliuliza atarudi lini. Fisi akasema atarudi siku yoyote atakayotaka, kwani yeye si mtumwa wa mtu. Basi Punda akamwachia mama yake mtoto, akaahidi kwamba masika yakirudi Chumvini, naye atarudi.

Kivukoni alimkuta Sungura, karani wa nyayo. Sungura alikuwa mgeni vilevile, ila aliwahi mapema na akapata kazi ya kukaa. Akampaka Punda masizi ukwatoni, akaugandamiza juu ya ngozi, akampa. Fisi alikuwa amesimama pembeni. Walipofika nyuma ya kichaka cha kwanza alinyoosha mkono akasema, "Lete nikutunzie, binamu. Wageni hupoteza vitu." Punda akampa. Sungura aliona, akainamisha kichwa kwenye masizi yake.

Kuanzia hapo neno binamu halikusikika tena. Punda alichota maji asubuhi, kama walivyokubaliana. Mchana alisaga. Jioni aliwabeba watoto wa Fisi mgongoni, kwa maana walikuwa wamezoea. Kule Chumvini ni lazima Fisi alikuwa na akili nyingine, kwa sababu huku alikuwa na wageni ishirini na mmoja, nyumbu na ngiri na kanga, na wote walikuwa wameahidiwa kivuli wasichokiona. Nusu ya majani yao aliichukua kila siku. Fisi hali majani. Aliyachukua, akayalalia.

Mwaka uliofuata masika yalirudi Chumvini. Mbayuwayu walileta habari ya mvua, kisha wakaleta habari nyingine: mama yake Punda ameanguka, hainuki, na Sikitu analala peke yake. Punda alimwendea Fisi akamwomba ngozi yake.

"Ngozi gani?" akauliza Fisi.

"Yangu, mzee. Yenye ukwato wangu."

Fisi alimweleza kwa upole kwamba ukwato ni wake lakini ngozi imo pangoni mwake, na kilichomo pangoni mwa mtu ni cha mtu. Akamkumbusha pia kwamba watoto wanangoja kubebwa. Punda aliwabeba. Alilia njia nzima, na watoto wa Fisi wakamwambia baba yao kwamba punda huyu ameanza kuvuja.

Kesho yake Punda alikwenda kivukoni bila ngozi. Mamba alifumbua jicho moja, akalifumba. Hiyo ndiyo ilikuwa hapana. Akakaa ukingoni akitazama majani mabichi ya kwao upande wa pili, karibu kiasi cha kuyanusa.

Sungura alimwona. Sungura hakuwa mwema kuliko wengine, lakini alikuwa na haya, na kwa mwaka mzima haya hiyo ilikuwa imemkaa kooni. Akamuuliza Punda ni wapi Fisi anazitunza ngozi hizo. Punda akajibu kwamba ziko pangoni, chini ya majani, na Fisi hamruhusu mtu kuzigusa, hata mkewe.

"Zote ishirini na moja?"

"Zote."

"Ngozi," akasema Sungura taratibu. "Pangoni mwa fisi." Akanawa masizi, akaenda kwa Simba.

Kwa Simba hakumtaja Punda, kwa kuwa Simba hakuwa na habari na punda. Alisema tu kwamba ngozi za mfalme zinakauka na kupasuka mikononi mwa wadhamini. Siku moja mgeni atarudi kwao na ngozi iliyopasuka, na huko watasema ufalme wa Bondeni umeanza kupata nyufa. Simba alisimama. Akauliza dawa yake. Sungura akasema ngozi hulainishwa kwa mafuta, na mafuta bora ni ya uboho wa mifupa, lakini labda jiko la mfalme halina kiasi hicho. Simba akasema jiko lake lina kiasi chochote.

Basi ikatoka amri. Kila mdhamini atapewa kibuyu cha mafuta ya uboho, azipake ngozi zake vizuri, na siku ya saba azilete uwanjani zikaguliwe.

Fisi alipokea kibuyu chake kwa heshima. Angeweza kumwita Punda azipake, na kazi ingekwisha kabla ya jua kupanda. Lakini kumwachia mgeni ngozi mkononi ni jambo ambalo Fisi asingelifanya. Akaingia pangoni peke yake, akaziba mlango kwa mgongo wake.

Alipaka ya kwanza. Mafuta yalizidi pembeni, akalamba yaliyozidi, kwa usafi. Ya pili alilamba kidogo zaidi. Ya tatu ilikuwa ya ngiri mmoja asiyejulikana sana, tena ilikuwa imekunjamana kwenye kona. Akaisawazisha kona hiyo kwa meno. Siku ya kwanza ikaisha hivyo. Siku ya nne alijiapiza kwamba hatagusa nyingine. Siku ya sita alikuwa analamba kibuyu.

Siku ya saba uwanja ulijaa. Simba alikaa juu ya jiwe lake, manyoya yamechanwa. Wageni wote walisimama upande mmoja, Punda akiwa wa mwisho. Wadhamini wengine walileta ngozi zao zinang'aa. Fisi alikuja na kapu lililofunikwa kwa majani. Simba akaamuru lifunuliwe. Ndani mlikuwa na majani mengine, na chini yake kipande cha ngozi kisichozidi kidole gumba.

"Zimeibwa," akasema Fisi. "Punda ameziiba. Alikuwa akiidai ngozi yake kila siku."

Simba akamgeukia karani. Sungura akasema yeye hana la kuongeza, ila anashangaa mtu aibe ngozi ya kuvukia mto kisha abaki kubeba watoto wa aliyemwibia. Fisi akafungua kinywa kujibu, na badala ya jibu ikatoka mbweu. Ilikuwa mbweu ndefu. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea jiweni, na Simba anaijua harufu ya jiko lake.

Kifungu cha tatu kikasomwa. Fisi akasikiliza kama mtu anayekisikia kwa mara ya kwanza, na ni kweli hakuwahi kukisikia, maana alipokwisha kusikia viwili vya mwanzo alikuwa ameshaondoka kwenda kutafuta mabinamu. Atafanya kazi za wageni ishirini na mmoja mpaka ngozi zipatikane.

"Na wageni?" akauliza Sungura.

"Watangoja," akasema Simba. "Bila ngozi hakuna kuvuka. Sheria ni sheria."

Sungura alikuwa amefikiria kila kitu, lakini hilo hakulifikiria. Masikio yake yakalala.

Punda akatoka kwenye mstari. Hakuwa amewahi kusema mbele ya Simba. Akainua mguu mmoja wa mbele, akaugeuza ili ukwato uonekane.

"Mtukufu," akasema, "ngozi imeliwa. Mguu ninao."

Simba akaagiza Mamba aulizwe kama anaweza kumtambua mgeni kwa mguu mtupu. Mamba akajibu kwamba miaka yote alikuwa akitazama mguu. Ngozi alikuwa akiiangalia kwa adabu tu. Simba akafikiri kidogo, kisha akasema hilo ndilo alilotaka kusema tangu mwanzo. Tangu siku ile kibali cha mgeni wa Bondeni ni mguu wake mwenyewe, na hakuna mdhamini anayeruhusiwa kuutunza.

Punda hakungoja hotuba. Alifika kivukoni, akainua ukwato, Mamba akasogea.

Nyumbani alimkuta mama yake amelala, lakini hai. Sikitu alikuwa amerefuka. Alimnusa Punda, akarudi nyuma, akajificha kwa bibi yake. Ilimchukua siku mbili kumkubali, na siku hizo mbili zilimuuma Punda kuliko mwaka wote wa kusaga. Muda huo uliopotea haukuwa na kifungu cha kuurudisha.

Fisi yuko Bondeni bado. Huchota maji asubuhi, husaga mchana. Juzi alimwendea Sungura, mgongo umechunika, akamuuliza kama sheria ina siku ya mapumziko. Sungura akamjibu akamuulize mdhamini wake. Kisha akamwonea huruma, akaitazama miguu yake isiyo na kwato za kazi hiyo, na akarudi kwenye kazi yake.

Na Chumvini, watoto wakiuliza kwa nini bibi Punda hampi mtu kitu chake amtunzie, husimuliwa habari ya Fisi na ngozi, kisha huambiwa: mla cha mwenziwe, na chake huliwa.