Tembo Alipoupigia Mto Hodi

Chavala alikuwa akitembea kinyumenyume, amewageukia wanawake wa kijijini kwao, akiwahutubia kama anavyowahutubia watalii wake kila siku. Mashimo yote ya maji upande wa juu wa mto walikuta yamekauka, ndoo zilikuwa bado tupu, naye alikuwa akiwatoa hofu. "Mto huu wa mchanga naujua kama mfuko wangu wa shati," alisema, kisha akatoweka. Shimo lililochimbwa na tembo lilimnasa barabara, makalio chini, magoti kidevuni. Dereva aliyekula vumbi la mbuga za nchi nne, kamezwa nyumbani kwao!

Hakuomba msaada. Alijipangusa mchanga kwenye masharubu, akakaa vizuri kama aliyekaribishwa kiti, na vicheko vilipopungua akaanza kuwaeleza shimo lile lilikotoka.

Zamani za kale, alisema, hapakuwa na kiangazi wala masika. Mto ulitiririka juu ya mchanga mwaka mzima, na wanyama wakauzoea hadi wakaudharau. Waliingia bila hodi. Nyati walipita na matope yao, viboko wakajilaza humo mchana kutwa, nyani wakatupa makokwa. Sasa mto nao ni mwenye nyumba, kama wewe na mimi. Ulivumilia, ukavumilia, mwishowe ukakusanya maji yake, ukaingia chumbani chini ya mchanga na kufunga mlango.

Nchi ikakauka. Majani yakawa na rangi ya simba, na simba mwenyewe akabaki mbavu. Alisimama mtoni akanguruma, akiuamuru mto utoke. Kimya. Nyati akatimua mchanga kwa pembe, akatukana. Kimya zaidi.

Ndipo akafika tembo mmoja jike na mwanawe, ambaye kila hatua chache alianguka, mkonga ukiburuzika kama kamba iliyokatika. Mama huyo hakuwa na nguvu ya kugombana na mtu. Aligonga mchanga taratibu kwa mguu wa mbele.

"Hodi," akasema. "Hodi humu ndani."

Wenzake wakamcheka. Akagonga tena, akatandaza masikio, akasubiri. Sauti ikatoka chini, ya mtu aliyesusa lakini anayetamani kubembelezwa.

"Nani?"

"Mimi, mama wa watu. Nina mgonjwa."

"Si ungesema mapema! Karibu."

Tembo akachimba, na maji yakapanda polepole, safi, baridi. Mtoto akanywa, akapiga chafya, akasimama. Hapo Chavala mwenyewe alishusha pumzi, kama afanyavyo kila akifika hapo. Mama alipoondoka hakulifukia shimo, maana nyuma yake walikuwepo kanga na swala, wasio na miguu ya kugongea. Mto ukaridhika, ukaahidi kutoka nje kila masika uwasalimie wote, kisha urudi zake chumbani.

Na tangu siku hiyo, kiangazi kikishika, tembo huugonga mchanga kwa mguu kabla ya kuchimba, kisha huuacha mlango wazi, na wengine wote, simba akiwemo, hungoja zamu yao kwa adabu.

Chavala alinyamaza, ameridhika na nafsi yake. Mara akahisi ubaridi ukimpanda kwenye suruali.

"Jamani, maji!" akapiga kelele. "Yapo! Maji yapo!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Shemeji yake, Bi Sikudhani, akatua ndoo ukingoni na kumtazama.

"Hodi hukupiga, shemeji. Toka mlangoni."