Mitufaha Michungu ya Marehemu

Ndugu zangu, huko nyanda za juu, ambako baridi ya asubuhi inauma vidole, kulikuwa na mjane mmoja. Mumewe alimwachia shamba la mitufaha. Upande wa juu ilisimama miti ya matunda matamu, mekundu, ya kupeleka sokoni. Upande wa chini kulikuwa na miti ambayo marehemu aliipanda kwa ajili ya pombe tu. Matunda yake madogo, machungu, yanakausha ulimi. Mtoto aking'ata, anatema.

Mwaka wa kumbukumbu ulipokaribia, ukoo ulipanga siku ya kujengea kaburi. Siku hiyo watu wangekunywa pombe ya shamba la marehemu mwenyewe. Ndipo shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaja na panga. Alisema miti ya chini inatia ukoo aibu, ataikata apande mitamu. Kwao tunda huchaguliwa kwa meno: unang'ata, likikupendeza unapanda mche wake.

Mjane akasimama mbele ya mti.

"Kaka yako hakuichagua hii kwa kung'ata," alisema. "Aliichagua kwa kunywa. Ngoja kumbukumbu ipite, halafu uikate kama bado utataka."

"Shemeji, unang'ang'ania uchungu kama vile umeolewa nao."

"Nimeolewa nao tangu tulipomzika. Wewe tengeneza pombe yako ya matamu. Mimi nitachanganya."

Majirani nao walimjia na ushauri. Amelia vya kutosha, walisema, apande kitu kitamu asahau. Mjane alichuma kapu la kila upande. Aliponda matufaha, matamu na machungu pamoja, akayakamua, akafunika mtungi, akangoja.

Siku ikafika. Mtungi wa shemeji ukafunguliwa kwanza. Sasa niwaulize: chachu inakula nini? Inakula utamu. Ikishaumaliza, tunda lililokuwa na utamu peke yake linabaki na nini? Watu walionja, wakatazamana. Mzee mmoja akauliza kwa upole kama hayo ni maji ya kunawa.

Kisha ukaja mtungi wa mjane. Pombe yake ilishika ulimi, ikashuka na joto lake mpaka kifuani. Watu walikaa. Wakaanza kusimulia habari za marehemu, na hakuna aliyeaga mapema.

Shemeji akamsogelea mjane taratibu, mikono mitupu.

"Shemeji, nikatie vijiti vya ile miti ya chini, nikapandikize kwangu."

"Nitakukatia." Akachukua tunda chungu lililobaki kapuni. "Ila kwanza ng'ata hili, umeze. Usiteme mbele ya kaburi lake."

Akang'ata. Akameza. Na yule mwanamume, ambaye hakuna aliyemwona akilia tangu msiba, akalia mbele ya watu wote.

Ndugu zangu, sisi tunaingia misibani na sukari mikononi. Tunamwambia aliyefiwa, jikaze, sahau, shukuru. Nani alituambia kwamba Mungu anapokea matamu tu? Alipotupandia uchungu shambani, je, alikosea mche?

Sisi wenye makaburi mapya hatutaomba radhi kwa machozi yetu. Tutayaleta hapa mbele yake, pamoja na furaha zetu, ayaponde na kuyakamua kwa wakati wake. Na atakayekuja na panga kabla ya wakati huo, tumwambie bila hasira: rudi nalo nyumbani. Mti huu una mwenyewe.