Maji ya Kupitishia Sheria

Hapo zamani, mawaziri walipokuwa wengi kuliko visima, alikuwako fukara mmoja, jina lake Mjaka, mchota maji. Siku moja mkewe, Mize, alisimama kisimani akasema mbele ya watu, "Kisima cha Sultani kinanuka!"

Basi Waziri akaghadhibika. Watu wa namna yake hawasafishi kisima, huziba midomo. Akatunga sheria: kila atakayesema neno baya juu ya kitu cha Sultani apigwe bakora, kisha afukuzwe mji. Mize akatiwa kifungoni angojee sheria ipite, awe wa kwanza.

Mjaka aliingiwa na hasira, akaimeza. Alijua ada ya mji ule: sheria haishiki mpaka Sultani anywe kata nzima ya maji barazani. Na mpeleka maji ni yeye. Siku zote aliyateka kwenye birika la mvua. Safari hii akaenda kisimani.

Ikawa sheria imekwisha kusomwa, Mjaka akapiga goti, akatoa kata. Sultani akaileta kinywani, akakunja pua.

"Ewe Mjaka, maji gani haya?"

"Ya kisima chako, Maulana. Zaidi sisemi; nina mgongo mmoja tu."

"Waziri, hebu yanuse."

Waziri akanusa, machozi yakamtoka. "Mawaridi matupu, Maulana!"

"Nawe Kadhi?"

"Asali, bwana wangu."

Basi Sultani akajikaza, akapiga funda. Halikupita. Akalitema juu ya joho la Waziri. "Lo! Kisima hiki kinanuka!"

Mjaka akajikuna kichwa.

"Maulana, hayo ndiyo aliyosema Mize, na sheria imesema kila mtu. Sasa uyamalize maji, sheria ishike, mlale kifudifudi wewe na Mize? Au uyaache, mke wangu arudi nyumbani?"

Sultani akaitazama kata, akaitazama bakora, akaangua kicheko hata kilemba kikamlegea.

"Mfungueni Mize! Sheria hii siinywi. Na kisima kisafishwe leo leo." Kisha akamgeukia Waziri, akampa kata. "Mawaridi yako haya, bwana. Maliza."

Waziri akanywa, watu wakimtazama mpaka tone la mwisho. Hekaya yangu imekauka hapo. Mwenye kiu na anuse kwanza.