Mke Aliyetaka Kuigusa Theluji

Washarika, hebu tumwazie mtu mmoja, mwenyeji wa mlima huu wa theluji kama sisi. Alipostaafu, watoto wake walichanga wakampeleka yeye na mkewe kutembea nchi ya mbali, yenye milima mirefu na baridi kali. Wakala vizuri, wakapiga picha. Ikafika siku ya mwisho. Ndege ilikuwa ya jioni.

Mke alikuwa na ombi moja tu. Juu ya mji ule palikuwa na kilele cheupe, na kichumba cha kioo kilichovutwa kwa waya kiliwapandisha watu mpaka kwenye theluji.

"Baba Aikande, leo unipeleke juu nikaishike."

Mume akacheka. "Theluji? Si unaiona tangu uzaliwe? Ukifungua dirisha la jikoni, hiyo hapo."

"Nimeiona. Sijaigusa."

"Haya, tutapanda. Kwanza tumalize zawadi."

Mnajua zawadi ni nini kwetu. Nani hapa anaweza kutoka ng'ambo akaingia nyumbani mikono mitupu? Mtu huyu hakutaka kumsahau yeyote. Blanketi la mama mkwe. Viatu vya shemeji, yule ambaye mguu wake umeyashinda maduka yote ya mjini. Sweta la mzee wa kanisa. Chupa ya chai ya jirani aliyebaki na ng'ombe wao. Duka hili, duka lile, mke akifuata nyuma na begi. Wakiwa wanavuka barabara, zipu ikapasuka, kiatu kimoja cha shemeji kikaenda kulala mbele ya basi. Dereva akapiga honi, mume akapiga magoti kukiokota.

"Hata kiatu chake kina kiburi kama mwenyewe," mke akasema, wakacheka wote wawili. Kisha wakaanza kutafuta kamba ya kufungia begi, na muda ukaenda.

Walipofika kituoni upepo ulikuwa umeanza, na waya umesimamishwa. Mhudumu akawaambia, "Asubuhi palikuwa shwari. Njooni kesho."

"Tutarudi mwakani, mama," mume akasema.

Mke akatazama juu kidogo, kisha akainua upande wake wa begi. "Twende, tusije tukaachwa na ndege."

Nyumbani ilikuwa shangwe. Kila mtu alipata chake. Jirani akamtania mke: "Na wewe, mwenzetu, huko ulipewa nini?"

"Mimi? Nilipewa begi nibebe."

Watu walicheka sana. Mume naye alicheka.

Kabla ya mwaka kwisha, mke aliugua, akafa.

Sasa niwaulize: huyu alikuwa mume mbaya? Hapana. Hakumpiga, hakumtukana, hakumnyima chakula. Alikuwa mkarimu, na ukoo mzima ulishuhudia hilo. Kosa lake lilikuwa dogo, ndiyo maana linatupata wengi. Waliokuwa mbali aliwakumbuka kwa sababu walikuwa mbali. Aliyekuwa kando yake alimwambia angoje, kwa sababu alikuwa kando yake.

Na sisi je? Simu ya mtu wa Dar es Salaam tunaipokea mara moja, huku aliyetupikia amesimama mlangoni na neno lake mdomoni. Tunajisemea, "Huyu ni wangu, ataelewa." Ni kweli, anaelewa. Ataendelea kuelewa, bila kulalamika, mpaka siku ambayo hayupo wa kuelewa. Bwana alisema mpende jirani yako, na sisi neno hilo tumelisoma tukitazama ng'ambo ya barabara.

Ibada ikiisha, kuna mtu utakayetoka naye kwa mlango huu mmoja. Kuna jambo alikuomba, ukamwambia baadaye. Unalijua, sina haja ya kulitaja. Leo msipange foleni kunipa mkono. Mnada wa ndizi za sadaka watausimamia wazee. Nendeni, kila mmoja na huyo wake.