Pete Iliyokosekana Katika Sinia

Walitusimulia masheikh zetu, nao walisimuliwa na waliowatangulia, kwamba katika mji wa Wadi Sumra, ukingoni mwa jangwa, aliishi mjane mchamungu aitwaye Lubaba binti Haritha, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mumewe alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, na alipofariki, Bibi Lubaba alirithi duka lake, pete yake ya muhuri na kiti chake katika jumuiya ya wafanyabiashara wa mji ule. Kwa duka hilo aliwalea mayatima wa dada yake.

Jumuiya hiyo ilikuwa na hati ya Amiri. Hati ilisema kwamba asiye mwanachama hatauza ngano wala shayiri Wadi Sumra, na mgeni atakayeuza bila idhini atanyang'anywa mzigo wake pamoja na wanyama wake. Tusiwasingizie, hati ile hawakuipata bure. Baba zao walichimba visima vya njiani na kuwalipa walinzi wa misafara zama njia ilipokuwa ya wanyang'anyi. Lakini neema ikikaa sana mkononi mwa mtu, huiona ni haki aliyozaliwa nayo, na wajukuu wa wachimba visima walikuwa wamesahau hata kamba ya ndoo inavyoshikwa.

Ukaja mwaka wa njaa. Mvua zilikatika, bei ikapanda, watu wakawa wanachemsha ngozi na kunywa maji yake. Maghala ya jumuiya yalikuwa na nafaka, ila ilitolewa kidogo kidogo ili bei isishuke. Ndipo alipofika Farrukh, mgeni kutoka nchi za Ajemi, na ngamia waliobeba shayiri. Idhini hakuwa nayo. Akatua nje ya lango, akauza kwa bei ya miaka ya shibe, na maskini wakamwendea mbio. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji hawa walikuwa hawataki kuponywa na mtu asiye na hati.

Wakakutana nyumbani kwa mkuu wao, Bwana Khuweilid. Desturi yao ilikuwa kwamba askari wa Amiri hawatumwi kumkamata mgeni mpaka kila mwanachama avue pete yake na kuiweka katika sinia. Ikikosekana hata moja, askari hawatoki. Sinia likazungushwa, na pete zikatiwa bila maneno mengi, maana wafanyabiashara hawakawii kukubaliana linapokuja jambo la bei. Lilipomfikia Bibi Lubaba, likasimama.

Khuweilid hakumkemea. Alimweleza kwa upole kwamba leo ni Mwajemi mmoja, kesho watakuwa mia, na hao hawatalipa mlinzi wala kufukua kisima. Njia ikifa, mji utaona njaa kila mwaka. Akamkumbusha na mayatima wake, kwa kuwa anayezuia pete huhesabiwa ameikana jumuiya. Bibi Lubaba alimsikiliza mpaka mwisho. Maneno yale yalikuwa na ukweli ndani yake, na hilo ndilo lililomtesa.

"Bwana Khuweilid," akasema, "yote nimeyasikia. Lakini watu wanakufa, na huyu anawalisha. Pete hii nikiiweka hapo, kesho mbele ya Mola nitakuwa na hoja gani?"

Akaukunja mkono wake. Alidhani amekwisha kumwokoa mgeni, kumbe desturi ile aliijua nusu. Khuweilid akawauliza wenzake kama wameridhia Bibi Lubaba atolewe katika jumuiya. Wakaridhia wote.

"Sasa," akasema Khuweilid, "pete zimetimia."

Askari wakatoka. Kabla ya adhuhuri shayiri ilikuwa ndani ya maghala ya jumuiya, na wanawake waliokuwa wakingoja na vikapu vyao walifukuzwa kwa fimbo. Duka la Bibi Lubaba likafungwa. Akakaa kizingitini akilia, akisema, "Ya Rabi, nimeitoa riziki ya mayatima wako, na sikuokoa hata punje." Ningependa kuwaambieni kwamba alijibiwa papo hapo. Hakujibiwa. Hakusikia sauti, wala moyo wake haukupata utulivu. Alilia mpaka akachoka kulia.

Kisha akainuka, akaenda kumtafuta mgeni amwombe radhi. Alimkuta nje ya lango, ameketi mchangani pale walipopiga magoti ngamia wake, ameelekea kibla na mikono yake ameiinua. Bibi Lubaba akaingiwa na hofu kubwa, kwani alijua kwamba dua ya aliyedhulumiwa haina pazia baina yake na Mwenyezi Mungu, na ndani ya ukuta ule walikuwamo mayatima wake.

"Mwanangu," akamwambia, "mimi ni katika hao waliokunyang'anya. Nimekuja kukuomba radhi."

"Askari waliniambia pete zote zilitolewa."

"Yangu sikuitoa."

Farrukh akamtazama mama yule, akauona mkono wake na pete ingali kidoleni. Kisha akaishusha mikono yake mapajani.

"Nilikuwa nauombea mji huu asibaki mtu," akasema. "Sasa nitaombaje, na wewe umo ndani?"

Akaenda zake kwa miguu. Hakuuombea mji ule heri, na nani angemlaumu? Njaa iliendelea. Bibi Lubaba alisagia watu nafaka kwa ujira, na akamzika mdogo wa wale mayatima kabla mvua hazijarudi. Jumuiya ilibaki na hati yake. Na watu wa Wadi Sumra, pamoja na Khuweilid na sinia lake, waliendelea kulala na kuamka, wasijue wamesalimika kwa ajili ya nani.

Enyi ndugu, wema wa mja si lazima aone matunda yake, na huenda akafa akidhani ameutupa jangwani. Tumwombe Mola, siku sinia litakapotufikia nasi mbele ya wenzetu, atupe nguvu ya kukunja mkono.